T1 ianze kuhesabu lini? Steki ya AX.25 nje ya kerneli, Mwanza hadi Nansio

#1 Mvuvi_wa_Biti (Kirumba)

Wakuu, salaam.

Naandika steki ya AX.25 (itifaki ya kutuma data kwa paketi kwenye redio za ridhaa) inayokaa nje ya kerneli, kile kiini cha Linux; ni programu ya kawaida isiyodai ruhusa za root. Chini yake ipo Direwolf, programu ya modemu inayoendesha kadi ya sauti ya USB na redio ya mita 2, biti 1200 kwa sekunde. Naongea nayo kwa KISS (itifaki ndogo ya kukabidhi fremu, yaani paketi za data) kupitia TCP, poti 8001. Juu yake wapo watumiaji wa terminali na kisanduku kidogo cha ujumbe. Rafiki yangu yuko Nansio, ana leseni kama mimi, tunarushiana ujumbe kuvuka maji.

Mpangilio ni huu: mzunguko mmoja wa matukio, epoll moja (huduma ya Linux inayosema soketi ipi ina kitu), hakuna thredi, yaani njia sambamba za utekelezaji. Soketi ya KISS ikiwa na kitu, nasoma. Mtumiaji akiandika, nasoma. Muda ukiisha, timerfd inaniamsha. Kila tukio linaingizwa kwenye mashine ya hali ya muunganisho, nayo inarudisha orodha ya mambo ya kufanya: tuma fremu hii, anzisha T1 (taima ya kusubiri uthibitisho), simamisha T3 (taima ya muunganisho uliokaa kimya), mpe mtumiaji baiti hizi. Mashine yenyewe haigusi soketi wala saa, kwa hiyo naweza kuijaribu usiku kucha redio ikiwa imezimwa.

Dai langu: kwa redio ya mwendo huu, thredi hazina kazi.

Swali langu: T1 ianze lini? Naandika fremu nne za baiti 256 kwenye soketi, write inarudi papo hapo, naanzisha T1 ya sekunde 3. Zinaisha, steki inatoa RR (fremu fupi ya uthibitisho) yenye biti ya P kumuuliza mwenzangu amepata mpaka wapi, wakati redio bado inarusha fremu ya pili. Swali linapanga foleni nyuma ya fremu zilizobaki, kisha linafuata jingine. Nansio wanapokea maswali mawili au matatu mfululizo, wanayajibu yote, chaneli inajaa maneno yasiyobeba kitu.

Nyie mnaanzia wapi?

#2 Msukuma_wa_Igoma

Mkuu, Nansio kuna mtandao wa simu. WhatsApp imekukosea nini?

#3 BabaSeriali

Vijana, shida haiko kwenye T1. Iko kwenye KISS.

Zamani TNC, kisanduku kati ya kompyuta na redio, ilibeba AX.25 yote ndani yake, kompyuta ilikuwa terminali tu. Mwaka 1987 Mike Chepponis na Phil Karn wakaandika KISS ili akili yote ihamie kwenye kompyuta, TNC ibaki kuwa modemu. Fremu inaanza na kuishia na baiti 0xC0, na 0xC0 ikitokea katikati ya data inaandikwa kwa baiti mbili, 0xDB na 0xDC. Zaidi ya data kuna amri chache za kupanga TXDELAY (muda wa kusubiri redio iwake kabla ya data), P (hapa ni uwezekano wa kurusha, si ile biti ya P), muda wa nafasi na mengineyo. Basi. Hakuna baiti hata moja inayorudi kukwambia "fremu yako imeshatoka kwenye antena".

Ni sawa na kumkabidhi kondakta mzigo pale kivuko cha Kamanga. Ameupokea, amekupa tiketi, lakini hujui kama kivuko kimeng'oa nanga. Ukianza kuhesabu safari tangu ulipopewa tiketi, utapiga simu ng'ambo kuuliza mzigo ambao bado uko Mwanza.

#4 MamaTaima (Nyegezi)

Nakubaliana na Mzee #3, ila tuweke hesabu mezani, maana bila hesabu tutazunguka.

Fremu ya data: anwani mbili ni baiti 14, udhibiti 1, PID (aina ya itifaki) 1, data 256, FCS (namba ya kukagua makosa) 2, bendera 2. Jumla 276, yaani biti 2208. Kwa biti 1200 kwa sekunde ni sekunde 1.84, kabla ya biti za ziada zinazochomekwa kila baada ya biti tano za 1 mfululizo. Fremu nne ni zaidi ya sekunde 7.3. Ongeza TXDELAY, thamani ya kawaida ya KISS ni 50, yaani nusu sekunde. Hata kama Ziwa zima liko kimya, T1 ya sekunde 3 iliyoanza kwenye write lazima iishe kabla mwenzako hajamaliza kukusikia. Hiyo ni hesabu tu, bahati haimo.

Na foleni haiko kwenye Direwolf peke yake. Bafa ya soketi ya TCP inaweza kumeza kilobaiti 16 bila kulalamika, nazo kwa biti 1200 ni sekunde 109 za hewani. Kwa hiyo anayetegemea epoll imwambie "sasa unaweza kuandika" ataambiwa hivyo kila mara, redio ikiwa imelemewa. Utayari wa soketi hausemi chochote kuhusu utayari wa chaneli.

Mimi nimeweka ndani ya steki makadirio ya lini hewa itakuwa wazi. Kila ninapoandika fremu naongeza urefu wake kwenye makadirio hayo, na T1 inaanza kuhesabu kutoka pale foleni inapokadiriwa kuisha. Ni kubahatisha, lakini kubahatisha kwenye misingi.

#5 Jiwe_la_Bismarck

Mkuu #1, mimi napinga hilo dai la thredi. Thredi moja kwa kila muunganisho, moja ya kusoma KISS, moja ya kuandika. Msimbo unasomeka kutoka juu hadi chini: tuma, subiri uthibitisho, endelea. Mwenye mzunguko wa matukio anaishia na kolbaki (msimbo unaoitwa tukio likitokea) ndani ya kolbaki, baada ya mwaka hakumbuki nani anamwita nani.

Halafu hiyo epoll imekuwepo tangu Linux ya kwanza, si teknolojia ya kututisha nayo.

#6 MamaTaima

Jiwe, epoll iliingia kwenye mfululizo wa 2.5 mwaka 2002. Kabla ya hapo Linux ilikuwa na select na poll. Mkongwe hapo ni select, ilitoka na 4.2BSD mwaka 1983.

Na kwa redio moja yenye miunganisho mitano, poll ingetosha kabisa. Sijaona mtu Mwanza mwenye miunganisho elfu kumi ya AX.25.

#7 Nyakato_Kwanza

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza, hiyo biti ya P ni nini? Na kwa nini asitumie AX.25 iliyomo tayari ndani ya Linux?

#8 Mvuvi_wa_Biti

#2 Kaka, WhatsApp ipo kwenye simu yangu na naitumia. Hapa tunajifunza jinsi baiti zinavyovuka maji bila mnara wa mtu, na kifurushi kikiisha redio haijui.

#7 Marahaba. P ni biti ndani ya baiti ya udhibiti. Ukiiwasha kwenye amri, mwenzako analazimika kujibu akiwa amewasha F. Ndivyo unavyojua jibu lake ni la swali lako. Ya kerneli ipo na inafanya kazi, ila ikining'inia inaning'inia na mashine nzima, na kuirekebisha kunataka kugusa kerneli. Ya nje ikifa naiwasha upya, redio ya jirani haijui kilichotokea.

#5 Ndugu, kolbaki ndani ya kolbaki sinazo. Tukio linaingia, orodha inatoka. Rudia kusoma #1.

#9 BabaSeriali

Nilikuwa natafuta hili. Maelezo ya AX.25 toleo la 2.2 la mwaka 1998 yana michoro ya mashine za hali mwishoni. Mle kuna tukio linaloitwa LM-SEIZE Request, mashine ya muunganisho inaomba hewa, na LM-SEIZE Confirm, inaambiwa hewa umeipata. Uthibitisho unaosubiri kutumwa unatumwa pale Confirm inapofika. Waandishi walijua kwamba programu lazima ijue lini chaneli ni yake. KISS iko katikati, inakata waya huo. Ndiyo maana kila anayefuata ile michoro neno kwa neno juu ya KISS anaweka Confirm ya uongo inayorudi palepale, kisha anashangaa.

#10 Mkerewe_Halisi (Nansio)

Mimi ndiye rafiki wa Nansio aliyetajwa, kwa hiyo naleta upande wa pili wa maji.

Mnaongea foleni tu, lakini ninachokiona huku ni kingine. Kuna kituo upande wa Sengerema ninachokisikia vizuri, na Mvuvi pale Kirumba hakisikii kabisa, mawe na vilima viko katikati. Hicho kikiongea, Direwolf ya Mvuvi inaona hewa tupu, inarusha. Mimi napata mchanganyiko wa mbili, FCS inakataa, fremu inatupwa. Nikijibu, jibu langu linafika salama. Kwa hiyo T1 yake ingekuwa hata sekunde 20 bado angerudia, kwa sababu fremu hazikufika.

Hili si geni. Paketi redio ilizaliwa visiwani: ALOHANET ya Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake, 1971, kuunganisha visiwa na kompyuta iliyoko Oahu. Walikuta mapema kwamba watu wakirusha bila kusikilizana, matumizi bora kabisa ya chaneli ni kama asilimia 18.

#11 Jiwe_la_Bismarck

Asilimia 37 mkuu.

#12 Mkerewe_Halisi

37 ni ile ya kugawa muda kwa nafasi, iliyokuja baadaye. Ya kwanza ni 18. Jiwe, leo umeamka na namba za jirani.

#13 Kamanga_Feri

Wote mmepita mlango ulio wazi. Mkerewe, upande wako unaendesha nini? Kama ni AX.25 ya kerneli, thamani zake za kuanzia ni T1 sekunde 10, T2 sekunde 3, T3 sekunde 300, dirisha (fremu zinazotumwa kabla ya kusubiri uthibitisho) 2. T2 ni muda anaosubiri kabla ya kutoa uthibitisho, akitumaini kuna fremu nyingine inakuja ili azijibu kwa pamoja. Sasa Mvuvi ana T1 ya sekunde 3, mwenzake ana T2 ya sekunde 3. Hata fremu ifike bila kuguswa, uthibitisho unaondoka wakati Mvuvi ameshauliza. Foleni haihusiki, vilima vya Sengerema havihusiki.

#14 Mkerewe_Halisi

Ni ya kerneli, ndiyo. T2 nilishaishusha mpaka sekunde 1 kabla hatujaanza majaribio.

#15 Kamanga_Feri

Uliishusha na ikabaki? Mashine ikizimika na kuwaka, thamani hizo zinarudi zilikotoka kama hujaziweka kwenye skripti ya kuwashia. Na umeme wa huko tunaujua.

#16 Mkerewe_Halisi

Nina sola. Lakini nitaangalia.

#17 Msukuma_wa_Igoma

Kwa kweli nimeanza kupenda huu uzi. Sasa kama redio inafika Nansio, kwa nini msiwatangazie wenye mitumbwi bei za sato na sangara kila asubuhi? Mngepata chochote.

#18 BabaSeriali

Hapana kijana wangu. Leseni ya redio ya ridhaa ni kwa kujifunza na kuwasiliana, bila faida ya fedha; ndivyo kanuni za ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) zinavyosema na TCRA (mamlaka ya mawasiliano nchini) inatoa leseni kwa msingi huo. Bei za samaki ni biashara. Na ujumbe usifichwe maana yake, unatumwa wazi. Anayetaka biashara achukue leseni ya biashara.

#19 Msukuma_wa_Igoma

Wabheja sana mzee, nimeelewa.

#20 Nyakato_Kwanza

Mkuu wa #1, samahani kurudi nyuma. Ukisoma kutoka TCP unapata fremu moja kila mara? Yangu wakati mwingine inanipa nusu.

#21 Mvuvi_wa_Biti

Nusu, nzima, au mbili na robo. TCP haijui fremu, inajua baiti. Weka bafa kwa kila soketi, ongeza ulichosoma, kata fremu kila unapokuta 0xC0, kipande kilichobaki kikae mpaka tukio lijalo. Fremu tupu kati ya 0xC0 mbili itupe. Na kama umewasha epoll ya kwenye ukingo (inayokuamsha pale tu baiti mpya zinapokuja), soma mpaka upate EAGAIN (hakuna zaidi kwa sasa), la sivyo mabaki yatalala kwenye soketi na hakuna atakayekuamsha mpaka baiti mpya ije. Mimi natumia ile ya kiwango, inayoamsha mpaka soketi iwe tupu. Kwa mwendo huu sioni nilichopoteza.

#22 MamaTaima

Mvuvi, swali moja: deadline za T1 unazihesabu kwa saa gani? Na kompyuta yako ni Raspberry Pi ipi?

#23 Mvuvi_wa_Biti

Pi 4. Deadline ni za CLOCK_MONOTONIC (saa isiyoruka wala kurudi nyuma), timerfd imefunguliwa hivyo, nimehakiki. Ila logi zinaandikwa kwa saa ya ukutani.

#24 MamaTaima

Hapo sasa pana jambo. Pi 4 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika na kurudi, inaamka na saa ya zamani, halafu mtandao ukipatikana inaruka mbele. Taima zako ziko salama, lakini logi yako haiko salama. Hiyo "sekunde 3" kati ya mstari na mstari inaweza kuwa kweli au isiwe kweli kama kuna mruko au marekebisho katikati. Andika saa zote mbili kwenye kila mstari. Kabla ya hapo mimi siamini mfuatano wowote, hata ule unaounga mkono hesabu yangu ya #4.

#25 Jiwe_la_Bismarck

Nami naongeza la logi. Hiyo logi unaiandika wapi? Kwenye kadi ya SD, ndani ya mzunguko huohuo, si ndiyo? Epoll haikusaidii kwenye faili la kawaida. Ukijaribu kulisajili kerneli inakurudishia EPERM (hairuhusiwi). Faili linahesabiwa tayari siku zote, kisha write inakwama pale kadi inapojipanga ndani yake. Kadi ya bei nafuu ikisimama, mzunguko wako wote umesimama: fremu zimeshafika kwenye soketi, hujazisoma, na ukiamka unakuta T1 imeisha na jibu limefika, vyote kwenye duru moja. Ukishughulikia taima kwanza, unauliza swali ambalo jibu lake liko mkononi.

Thredi ya kuandika logi ingekuokoa. Niliisema #5.

#26 Mvuvi_wa_Biti

Hilo la mpangilio ndani ya duru moja ni zito. Kwa sasa nafuata mpangilio ambao epoll inanipa. Nikisoma soketi zote kwanza, ndipo nikague taima, jibu lililokwisha kufika litasimamisha T1 kabla haijatoa swali. Naandika hivyo leo. Thredi ya logi nakupa, Jiwe. Moja tu, na haigusi muunganisho.

#27 Kamanga_Feri

Mtu wa korutini (kazi inayoweza kusimama katikati na kuendelea baadaye) niseme langu kabla uzi haujahama. Ubishi wa #5 na #8 ni wa zamani. Kwa korutini unaandika "subiri uthibitisho au T1, kitakachotangulia" kwa mstari mmoja, unasomeka kama Jiwe anavyotaka, na chini bado ni mzunguko mmoja kama Mvuvi anavyotaka. Lakini AX.25 si mazungumzo ya zamu kwa zamu. DISC (kata muunganisho) inaweza kuingia wakati wowote, RNR (siko tayari kupokea) inaweza kuingia wakati wowote, mtumiaji anaweza kukata. Korutini iliyosimama kwenye "subiri" lazima iwe tayari kwa yote hayo kila inaposimama, na mwishowe unaandika mashine ya hali kwa mlango wa nyuma. Kwa kiini cha itifaki nabaki na jedwali la hali na matukio. Korutini nazitumia upande wa mtumiaji, kwenye kisanduku cha ujumbe.

#28 BabaSeriali

Kuhusu swali la mwanzo kuna njia mbili za kupata taarifa ya kweli badala ya makadirio. Moja, nyongeza ya KISS iliyotoka kwa watu wa BPQ, programu nyingine ya paketi redio: amri 0x0C, unatuma fremu na namba ya baiti mbili, TNC ikishairusha inakurudishia namba hiyo. T1 inaanza pale. Si kila TNC inaielewa. Mbili, acha KISS, tumia kiolesura cha AGW ambacho Direwolf inakitoa poti 8000. Kina amri ya 'y' ya kuuliza fremu ngapi zinasubiri kwenye poti. Hiyo unalazimika kuuliza mara kwa mara, nalo halifurahishi kwenye mpango wa matukio, lakini ni ukweli wa foleni.

#29 MamaTaima

Mzee, 'y' inaniambia foleni ya Direwolf. Hainiambii hewa imeshikwa na nani. Kwa P ya KISS (ile ya uwezekano, 0 hadi 255) ya 63 na nafasi ya milisekunde 100, kila nafasi hewa ikiwa tupu kuna robo ya uwezekano wa kurusha. Siku chaneli ina watu, kusubiri kwenyewe ni sekunde kadhaa zisizotabirika.

Ndiyo maana napendelea T1 ijifunze yenyewe kutokana na muda halisi wa kwenda na kurudi, na fremu iliyorudiwa isipimwe kabisa, kwa sababu hujui jibu ni la nakala ipi. Kanuni hiyo ni ya Karn na Partridge, 1987. Ni Karn huyuhuyu wa KISS, mwaka huohuo.

#30 Musoma_Kaskazini

Nimesoma kimyakimya tangu #1. Nina jambo linalowasumbua wote.

Mimi na mwenzangu tuko Musoma mjini, tunaonana kwa macho, hakuna kituo kilichofichika. Tunatumia biti 9600, fremu ya baiti 276 ni sekunde 0.23 tu. Tuna T1 ya sekunde 4. Logi iko kwenye RAM. Na bado asubuhi napata RR zenye P zinazojirudia kama za Mvuvi, mchana zinapotea. Foleni ya sekunde saba sina, SD sina, Sengerema sina. Mwenzangu anasema ni tabaka la hewa juu ya Ziwa asubuhi, linakunja mawimbi na kutuletea vituo vya mbali vinavyoshika chaneli. Mimi nadhani ni kebo ya USB inayokamata mawimbi ya redio. Hatujakubaliana.

#31 Kamanga_Feri

Na T2 ya mwenzako?

#32 Musoma_Kaskazini

Milisekunde 500. Nimeiona kwa macho yangu.

#33 Mkerewe_Halisi

Nimerudi. T2 yangu ilikuwa sekunde 3. Haikubaki, Kamanga alisema. Nimeiweka kwenye skripti. Lakini jana jioni, ikiwa sekunde 1, Sengerema walipoanza kuongea marudio yakarudi vilevile. Kwa hiyo #10 yangu haijafa.

#34 Mvuvi_wa_Biti

Asanteni wote. Jumamosi nafanya hivi: logi yenye saa mbili, soketi kabla ya taima, T1 inayoanza mwisho wa makadirio ya MamaTaima, na nakala nyingine ya programu inayoandika 'y' kila sekunde pembeni. Mkerewe atarekodi sauti ghafi ya chaneli upande wake ili tuone kama fremu zinagongana kweli. Musoma, ukiweza fanya hivyohivyo asubuhi, na funga feraiti (pete ya kuzuia mawimbi) kwenye hiyo kebo nusu ya muda.

#35 Jiwe_la_Bismarck

Ukibadilisha manne kwa mpigo utajuaje lipi limesaidia?

#36 MamaTaima

Hapo Jiwe yuko sahihi. Anza na logi peke yake.